Siku ya Familia katika Makumbusho ya Watoto ya Boston: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Massachusetts huyarudia kila likizo ya shule inapokaribia. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali zisizo za kawaida. Saa za kufungua na bei kamili hazikuandikwa hapa kwa sababu hubadilika, kwa hiyo zitazamwe kwenye tovuti ya makumbusho kabla ya kutoka nyumbani.

## Mambo ya msingi

Makumbusho ya watoto ni nini, na yanatofautiana vipi na makumbusho tuliyoyazoea?

Katika makumbusho ambayo wengi wetu tulipelekwa na shule, kitu chenye thamani huwekwa nyuma ya kioo, mgeni husoma kibao, na mlinzi husimama karibu kuhakikisha kwamba hakuna mkono unaonyooshwa. Makumbusho ya Watoto ya Boston yamepangwa kinyume cha hayo. Karibu kila kilichomo kimewekwa ili kishikwe, kisukumwe, kipandwe, kilowanishwe, au kibomolewe na kujengwa upya, na mtoto asipokishika hakuna cha kuona.

Makumbusho ya kwanza ya aina hii yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Ya Boston yalifuata mwaka 1913, yakiwa yameanzishwa na walimu wa sayansi, nayo yalianza katika jumba moja kando ya bwawa la Jamaica Pond. Baadaye yakaja ya Detroit mwaka 1917 na ya Indianapolis mwaka 1925. Ya Indianapolis ndiyo makubwa zaidi duniani, lakini mzazi asivutwe na ukubwa: familia yenye watoto wadogo haiwezi kuyamaliza kwa siku moja hata haya ya Boston, ambayo yana ghorofa tatu tu.

Nani aliamua kwamba watoto waruhusiwe kugusa?

Anayetajwa zaidi ni Michael Spock, mwana wa daktari wa watoto Benjamin Spock, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho haya kuanzia mwaka 1962 hadi 1985. Tangu utotoni Spock alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili, na mengi aliyoyajua aliyapata kwa kutazama na kushika vitu badala ya kusoma vitabu. Mwaka 1964 aliandaa maonyesho yaliyoitwa "What's Inside?", ambamo vitu vya kawaida vilipasuliwa ili watoto waone vilivyomo ndani. Mtazamo wake ulikuwa kwamba makumbusho ya namna hii yapo kwa ajili ya mtu fulani, yaani mtoto, wala si kwa ajili ya mada fulani. Miaka michache baadaye, mwaka 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium, makumbusho ya sayansi, mjini San Francisco kwa fikra zinazofanana na hizo, na tangu hapo mtindo huu umeenea.

Jengo linalotumika sasa, ambalo lilikuwa ghala la sufu kandokando ya mkondo wa Fort Point, lilianza kutumiwa mwaka 1979, na mwaka 2007 lilipanuliwa na kufanyiwa ukarabati mkubwa.

Yanafaa watoto wa umri gani?

Wanaofaidi zaidi ni wa miaka miwili hadi minane hivi. Watoto wa miaka tisa na kumi bado hupata la kufanya, hasa kwenye njia za mipira na kwenye kiunzi cha kupandia, ambavyo vimeelezwa hapa chini. Walio chini ya miaka mitatu wana chumba chao, PlaySpace, kilichoanzishwa mwaka 1978 na mwalimu Jeri Robinson wakati makumbusho machache mno yalikuwa yakiwafikiria watoto wachanga na mama zao. Kuhusu vijana waliokwisha kuvuka umri huu, tazama swali la kaka wa miaka kumi na mitatu katika sehemu ya mwisho.

Hatujui Kiingereza vizuri. Tutaelewa?

Mtaelewa, na pengine kuliko mnavyotarajia. Vibao vipo, lakini mtoto wa miaka minne naye hajui kusoma, kwa hiyo kila chombo kimetengenezwa kijieleze chenyewe: mpini unasema uvutwe, mfereji unasema kitu kiachiwe kiteremke. Mahali palipopangwa na mtu aliyesumbuliwa na maandishi utotoni hapawezi kumfungia nje mzazi asiyesoma Kiingereza. Sehemu inayohitaji lugha ni dirisha la tiketi. Ukienda ukiwa umekwisha kulipia kwa simu, hata hapo hutahitaji zaidi ya kuonyesha kioo cha simu yako.

Jambo moja la kuangalia: katika familia nyingi za wahamiaji, mtoto mkubwa ndiye mkalimani wa nyumba. Siku hiyo mpumzisheni. Akianza kutafsiri kila kibao kwa ajili ya baba na mama, atarudi nyumbani akiwa amefanya kazi huku wadogo zake wamecheza.

## Gharama na tiketi

Kiingilio ni kikubwa kwa familia yenye watoto wengi. Kuna nafuu?

Ipo, tena ya aina mbili, na ni ajabu ni familia ngapi hulipa bei kamili kwa kutoambiwa.

Ya kwanza ni kadi. Tangu mwaka 2014 kuna mpango wa nchi nzima uitwao Museums for All, ambao humwezesha mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula, kuingia katika makumbusho yanayoshiriki kwa dola 3 au pungufu kwa kila mtu, na mara nyingi kwa watu hadi wanne kwa kadi moja. Massachusetts ina mpango wake pia, Card to Culture, unaokubali kadi ya EBT, ya WIC (msaada wa lishe kwa akina mama na watoto wadogo) na ya bima ya afya ya ConnectorCare. Makumbusho ya Watoto ya Boston yamo miongoni mwa yanayopokea kadi. Mwenye kadi huionyesha pamoja na kitambulisho, na hakuna anayeuliza mapato yenu wala hadithi ya maisha yenu.

Ya pili ni maktaba ya mji. Maktaba nyingi za umma katika jimbo hili hukopesha pasi za makumbusho kama zinavyokopesha vitabu, na masharti ni kuwa na kadi ya maktaba, ambayo hutolewa bure kwa wakazi. Pasi hupunguza kiingilio kwa idadi fulani ya watu kwa siku moja. Tatizo lake ni kwamba siku za likizo huchukuliwa mapema, kwa hiyo anayeitaka pasi ya wiki ya likizo aulize wiki kadhaa kabla.

Sisi ni watu saba. Kadi inahesabu wanne. Wengine je?

Waliozidi hulipiwa kwa pasi ya maktaba au kwa bei ya kawaida, kulingana na masharti ya siku hiyo. Njia inayotumiwa na familia nyingi ni kwenda pamoja na jirani au ndugu mwenye kadi yake na watoto wachache. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka kwa kawaida halipiwi. Ukiwa na shaka, piga simu mapema, maana kubishana dirishani huku watoto wakichungulia ndani si mwanzo mzuri wa siku.

Ni lazima kununua tiketi mapema?

Ni busara kufanya hivyo. Idadi ya wageni huwekewa kikomo, na mwishoni mwa wiki yenye mvua nafasi huisha. Wenye kadi zilizotajwa hapo juu pia wahifadhi nafasi kwa kuchagua aina yao ya tiketi.

## Safari

Tunatoka Lowell au Worcester. Tufike vipi bila gari?

Walio Worcester wana bahati: treni ya abiria hufika moja kwa moja South Station, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu wa dakika kumi hivi, mkivuka daraja la mkondo wa Fort Point. Mkiona chupa kubwa nyeupe ya maziwa mmefika (habari zake zimo katika sehemu ya chakula).

Kutoka Lowell treni huishia North Station, upande mwingine wa mji, na wengi hukosea hapo. Ukishuka, ingia treni ya mjini ya Orange Line hadi Downtown Crossing, kisha ubadilishe kwenda Red Line hadi South Station. Watoto wenye umri wa miaka kumi na mmoja au chini ya hapo husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, na mwishoni mwa wiki kuna tiketi ya treni ya abiria ya dola 10 inayotumika kwa safari zote za Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo mama mwenye watoto wanne hulipa nauli ya mtu mmoja.

Tukienda kwa gari?

Jitayarisheni kulipia maegesho, kwani eneo hilo ni la maofisi na bei zake ni za maofisi. Kwa familia iliyoingia kwa dola chache kwa kadi, maegesho yanaweza kuzidi kiingilio cha nyumba nzima.

Siku gani kuna watu wachache?

Siku za wiki za shule, baada ya saa saba mchana, wakati makundi ya wanafunzi yamekwisha kuondoka. Epukeni wiki za likizo za Februari na Aprili, ambazo shule nyingi za jimbo huzichukua kwa pamoja, na Jumamosi yoyote yenye mvua, maana kila mzazi wa Boston huwaza hilohilo moja.

## Yaliyomo ndani

Tuanzie wapi?

Anzeni na kile ambacho mtoto amekikimbilia, hata kama si cha kwanza kwenye ramani. Wazazi wetu wengi hupenda kuona kila kitu kwa kuwa wamelipa, wakawa wanawavuta watoto kutoka chumba hadi chumba kama wanaokagua mali. Mtoto aliyekaa nusu saa kwenye chombo kimoja amepata zaidi ya aliyepitia vyote.

Kile kiunzi cha kupandia ni salama? Mtoto hawezi kuanguka?

Kiunzi hicho, ambacho wahudumu hukiita Climb, kinapanda ghorofa zote tatu katikati ya jengo. Kimeundwa kwa mbao zilizopindwa kama majani makubwa, zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine, na chote kimezungushiwa wavu wa waya. Mtoto hujipenyeza kutoka ubao hadi ubao, na akiteleza hutua kwenye ubao wa chini yake, karibu sana. Hakuna mahali pa kuanguka kutoka juu hadi chini. Hofu ya kweli huwa ya mzazi anayetazama kutoka nje na hawezi kumfikia, kwa kuwa njia zimepimwa kwa mwili wa mtoto. Mtu mzima huweza kuingia, lakini ajue kwamba kutoka ni kazi.

Aliyekibuni ni Tom Luckey, msanifu wa Marekani ambaye mwaka 2005 alianguka dirishani akapooza kuanzia shingoni, akaikamilisha kazi hii ya Boston kwa msaada wa mwanawe Spencer. Tunapenda kuwaeleza hilo watoto wakubwa wanapopumzika chini yake, kwa sababu huuliza maswali mazuri kuhusu mtu asiyeweza kusogeza mkono aliyefikiria namna wengine watakavyopanda.

Mtoto mdogo asiyejiamini aachwe aamue mwenyewe. Akiingia hatua tatu akarudi, amepanda.

Mapovu ya sabuni na mipira ya gofu vinafundisha nini hasa?

Kwenye meza za mapovu kuna fremu za maumbo mbalimbali, nazo zina swali zuri ambalo mzazi anaweza kumwuliza mtoto kabla hajapuliza: povu litakalotoka kwenye fremu ya pembe nne litakuwa na umbo gani? Karibu kila mtoto hujibu kwamba litakuwa na pembe. Hutoka la mviringo. Akijaribu pembetatu, hutoka la mviringo tena. Sababu ni kwamba utando wa sabuni hujivuta daima ili uwe na eneo dogo iwezekanavyo, na umbo linalofunga hewa nyingi kwa eneo dogo kuliko yote ni tufe. Lakini usiwahi kumwambia hayo, kwani akijaribu fremu ya tatu na ya nne atauliza mwenyewe kwa nini, na jibu litakaa.

Kwenye njia za mipira mtoto huachia mpira wa gofu juu ya mteremko na kuufuata kwa macho katika vilima na mizunguko. Atagundua kwamba mpira haupandi kilima kilicho juu zaidi ya mahali ulipoanzia, hata aombe vipi. Atausukuma, atanyanyua mwanzo wa njia, atabadilisha mpira. Mpira unapoteremka hubadilisha kimo chake kuwa mwendo, na unapopanda hurudisha mwendo kuwa kimo, huku msuguano ukikata kidogo njiani. Basi haurudishi chote ulichokuwa nacho. Mtoto wa miaka sita hana haja ya maneno hayo. Kinachotakiwa ni kukutana na kilima kilichomkatalia, na mzazi asimnyanyulie.

Nyumba ya Kijapani imefikaje ndani ya jengo?

Ni nyumba halisi ya mjini Kyoto, yenye umri unaozidi miaka mia, iliyovunjwa kwao kipande kwa kipande, ikasafirishwa, kisha ikaunganishwa upya Boston na maseremala wa Kyoto wenyewe. Ni zawadi ya mji huo kwa Boston, miji ambayo imekuwa na udugu tangu mwaka 1959. Kwa waliowahi kutembelea Makumbusho ya Kijiji Dar es Salaam, ambako mgeni huinama akaingia katika nyumba za makabila mbalimbali, wazo hili si geni.

Viatu huvuliwa mlangoni, na hapa watoto wetu hawahitaji mafunzo. Tumesikia watoto wa Kiswahili wakishangaa kwamba wenzao huulizwa mara mbili kuvua. Mikeka ya tatami, kukaa chini, chumba kimoja kinachotumika kwa kula mchana na kulala usiku baada ya kutandikwa godoro: haya yote mama anaweza kuyalinganisha na nyumba ya bibi, na mara nyingi ndipo mtoto aliyezaliwa Marekani anaposikia kwa mara ya kwanza jinsi bibi yake anavyoishi. Ni sehemu tulivu pia, inayofaa baada ya kelele za ghorofa nyingine. Njooni na soksi safi.

## Kazi ya mzazi

Je, huu si mchezo tu? Mtoto wangu ajifunze, si kuzurura.

Swali hili huulizwa na akina baba zaidi, nalo ni la haki kwa mtu aliyelea watoto kwa jasho. Mtoto mdogo hana njia nyingine ya kujifunza vitu vinavyofanya kazi ila kuvifanyia kazi. Aliyejaza na kumwaga chupa mara ishirini amekutana na ujazo kabla ya kuusoma darasani, na aliyengoja zamu yake kwenye njia za mipira amefanya jambo ambalo walimu wa chekechea hulitazama kabla ya herufi. Lakini hayatokei yenyewe kwa kulipa kiingilio. Hutegemea sana mtu mzima aliyekuja naye, kama jibu linalofuata linavyoeleza.

Mzazi afanye nini akiwa ndani?

Hapa ndipo tunapotofautiana na waelekezaji wengi wanaojaza kurasa kwa habari za maegesho. Siku nzima hutegemea swali hili.

Malezi yetu yana maneno ya ulinzi: usiguse, tulia, utavunja, shuka hapo. Yana mantiki katika nyumba ambayo vikombe vimehesabiwa na mbele ya mgeni, ambapo heshima ya mtoto ni heshima ya mama yake. Mzazi akiyaleta maneno hayo mlangoni mwa makumbusho haya, mtoto huyatii, na hapo safari huisha kabla ya kuanza, kwa sababu mtoto mwenye adabu atasimama mikono nyuma mbele ya vitu vilivyotengenezwa kushikwa. Ni vizuri kumwambia kabla ya kuingia, kwa sauti ya kawaida, kwamba hapa kugusa kumeruhusiwa, na kwamba nyumba ya shangazi bado ni nyumba ya shangazi.

Kosa la pili ni la wazazi wenye bidii, nalo ni kufanya badala ya mtoto. Baba huona mnara wa vipande unaegemea, akaunyoosha, kisha akaendelea, na baada ya dakika tano mtoto anamtazama baba akicheza. Mikono ya mtu mzima ingefaa ikae mapajani. Akikwama, subiri zaidi ya unavyodhani inafaa. Akikuomba, msaidie sehemu ndogo tu, umwachie inayobaki.

Kisha kuna mtihani. Hii rangi gani? Hivi ni vingapi? Sema kwa Kiingereza! Mtoto hujua mara moja kwamba ameulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua, na hujibu kama mwanafunzi. Maswali yanayofaa ni yale ambayo hata wewe huna hakika nayo: unadhani itakuwaje tukiweka mipira miwili? Kama kwa kweli hujui, na mara nyingi utakuwa hujui, hilo ni faida.

Kuhusu simu, piga picha mbili au tatu za kumpelekea bibi, kisha iwekwe mfukoni.

Tuzungumze lugha gani na mtoto pale ndani?

Kiswahili, kama ndiyo lugha unayofikiria kwayo. Wazazi wengine huona haya mbele ya watu wakahamia Kiingereza cha kuazima, na mazungumzo yakapungua hadi "look" na "good job". Kwa Kiswahili utasema mpira umeserereka, umegota, umeyumba, umepenya, umekwama. Kila tendo lina neno lake, na mtoto atalipata likiwa limeambatana na kitu alichokiona kwa macho yake. Shule itampa majina ya Kiingereza ya mambo hayohayo wakati wake ukifika.

Ninaweza kumkanya mtoto wa mtu mwingine?

Kwetu mtoto ni wa mtaa, na mtu mzima yeyote aliyemwona akimsukuma mwenzake humkanya, na mama yake hushukuru. Boston mama yake hatashukuru. Ukiona mtoto mwingine anamkata wako zamu, sema kwa upole, bila kumshika: "Wait, please, it is her turn." Ikiendelea, mwite mhudumu, ambaye ndiyo kazi yake. Kwa upande wa pili, mzazi mwingine akisema neno kwa mtoto wako usilichukulie kama tusi. Na mtoto wako akikosa, msogezeni kando mzungumze. Kumfinya au kumchapa hadharani kutaleta maswali kutoka kwa watu msiowajua.

## Chakula, mavazi na sala

Tunaweza kuja na chakula chetu?

Njooni nacho, lakini hakiliwi kwenye maonyesho. Siku za joto watu hukaa nje kwenye uwanja ulio ukingoni mwa maji. Chapati zilizokunjwa zinafaa kuliko wali, kwa sababu zinazojulikana na yeyote aliyewahi kulisha mtoto kwenye benchi lenye upepo.

Ile chupa ya maziwa iliyo mbele ya jengo ina kimo cha mita 12 hivi na ilijengwa katika miaka ya 1930 mjini Taunton kama kibanda cha aiskrimu. Mwaka 1977 ililetwa Boston kwa jahazi la kukokotwa. Msimu wa joto huuza vyakula vyepesi. Watoto wataiona kabla yenu, basi amueni mapema kama mtanunua au la.

Tuvae nini?

Nguo zinazoweza kulowa, maana sehemu ya mapovu haimwachi mtu mkavu, na jozi moja ya akiba kwa kila mtoto mdogo. Wasichana wanaovaa gauni refu au dera wavae suruali ya kubana ndani, vinginevyo watakanyaga pindo kwenye kiunzi. Mtandio uwe wa kushonwa, usio na pini wala ncha zinazoning'inia. Akina mama nao wakumbuke kwamba watakaa chini sana siku hiyo.

Wakati wa sala tukiwa ndani?

Wahudumu wakiulizwa huweza kuwaonyesha kona tulivu, lakini siku zenye watu wengi kona hizo ni chache. Kupanga safari iishe kabla ya alasiri, au ianze baada ya adhuhuri, huondoa usumbufu huo.

## Hali zisizo za kawaida

Mtoto akipotea?

Mwambie mhudumu wa karibu mara moja badala ya kuzunguka mwenyewe. Wana utaratibu wao na wanaangalia mlango. Kabla ya kuingia, mpige mtoto picha ili nguo zake za siku hiyo zionekane, na uandike namba yako ya simu kwenye kipande cha karatasi mfukoni mwake. Mwonyeshe pia sare za wahudumu. Mtoto aliyefundishwa kutozungumza na wageni huweza kujificha kwa mtu anayemtafuta.

Mtoto wetu ana usonji na kelele humuumiza. Tuache tu?

Msiache. Makumbusho haya, kama mengi ya aina yake Marekani, huwa na saa maalumu zenye wageni wachache kwa watoto wa namna hiyo, na tarehe zake hutangazwa. Siku ya kawaida, chagueni muda uliotajwa kwenye swali la siku zenye watu wachache, mje na vizuia masikio, na muijue Nyumba ya Kijapani kama mahali pa kurudia.

Bibi amekuja kutoka nyumbani na anatumia kiti cha magurudumu.

Lifti hufika ghorofa zote. Mpeni kazi: awe yeye anayetunza mifuko na kusikiliza ripoti za watoto wanaorudi mbio kumweleza walichokiona. Mtoto anayemsimulia bibi kwa Kiswahili jambo lililotokea dakika tano zilizopita anafanya kile kilichoelezwa kwenye swali la lugha, bila mtu kumlazimisha.

Kaka yao ana miaka kumi na mitatu na anasema ni mahali pa watoto wachanga.

Yuko sahihi kwa kiasi. Msimlete kama mgeni; mleteni kama msimamizi wa mdogo mmoja aliyekabidhiwa yeye, kisha baadaye mpeni saa yake. Hatua chache kutoka hapo, kwenye daraja la Congress Street, kuna makumbusho ya meli yanayohusu tukio la Desemba 16, 1773, wakazi wa Boston walipomwaga chai baharini, nalo ni somo analolikuta darasani. Kiingilio chake ni tofauti.

Mtoto hataki kuondoka na anapiga kelele mlangoni.

Mwonyeni dakika kumi kabla, tena dakika mbili kabla, na mumwache achague kitu cha mwisho cha kufanya mara moja. Msimalizie kwenye duka la zawadi ila kama mmekubaliana kununua. Akilia hata hivyo, mbebeni. Hakuna mzazi pale anayeshangaa.

Ninaweza kwenda peke yangu, bila mtoto, kuona kwanza?

Makumbusho mengi ya watoto Marekani hayamruhusu mtu mzima asiye na mtoto kuzunguka ndani kwa uhuru, kwa ajili ya usalama wa watoto. Mwalimu au kiongozi wa kikundi cha jumuiya anayetaka kukagua kabla ya kuleta watoto apige simu, ajitambulishe, na aje na kitambulisho chenye picha. Kinyume chake pia ni kweli: watoto hawaachwi ndani bila mtu mzima, hata kwa dakika za kwenda kununua maji.